Gego limebaki nusu: nilivalishe kofia, nilingʼoe au nimwite fundi?

Shikamoo daktari,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 37, nafundisha shule ya msingi hapa Tanga. Naomba unisaidie, maana kila ninayemuuliza ana jibu lake na mimi nimebaki njia panda.

Mwaka jana gego la chini kulia, lile kubwa la kwanza, liliniuma mpaka machozi yakanitoka mbele ya wanafunzi. Hospitali wakaniambia kuoza kumefika kwenye mshipa, nichague kungʼoa au kusafisha mzizi. Nikachagua kusafisha mzizi. Nikaenda na kurudi mpaka wakamaliza, jino likazibwa, maumivu yakaisha kabisa. Siku ya mwisho daktari akasema, “Mwalimu, hili sasa livalishwe kofia, usikawie.” Nilipotajiwa bei nikaaga. Ilikuwa Januari, na Januari ya mwenye watoto wa shule unaijua.

Miezi miwili iliyopita nilikuwa nakula kashata ya nazi, nikahisi kitu kigumu mdomoni. Kutema, ni ukuta mzima wa jino, ule wa upande wa ulimi, pamoja na kipande cha kizibo. Haliumi hata chembe. Ila chakula kinajaa humo, na ncha iliyobaki imenichubua ulimi. Nikila naweka pamba, nikimaliza naitoa.

Sasa sikiliza ushauri niliopewa. Mume wangu anasema jino hilo limekwisha kufa, haliumi, kulinunulia kofia ni kutupa hela, lingʼolewe yaishe. Mama yake hana magego na ugali anakula. Wifi yangu yuko Muscat. Mwaka juzi alipita Istanbul akarudi na meno 20 mapya, meupe pee. Ananiambia nikusanye nikafanye yote kwa mpigo, kwa kuwa “ukianza kuvalisha moja utavalisha yote.” Na hapa mtaani kuna fundi wa meno anayezunguka na mkoba wake. Anaweka kofia ya rangi ya jino au ya dhahabu siku hiyo hiyo, hachongi, hachomi sindano, na bei yake kwa hospitali inatosha kumwona daktari na kupiga picha tu. Jirani yangu amewekewa la mbele na linapendeza.

Naogopa sindano, naogopa kuchongwa, na zaidi naogopa kulipa hela nyingi halafu jino lije lingʼolewe vile vile. Kofia inadumu miaka mingapi? Na lazima iwe ya chuma? Nikicheka gego hilo linaonekana.

La mwisho, mwanangu wa miaka 6 ana gego la utoto lililotoboka. Tumeambiwa avalishwe kofia ya chuma. Jino la utoto si litangʼoka lenyewe? Au wanatafuta hela?

Ni mimi,
Mwalimu, Tanga

JIBU

Marahaba mwalimu, na pole.

Pamba iache leo. Inafyonza mate, inashikilia chakula ndani ya shimo, na kila unapoitoa unabakiza nyuzi. Ukimaliza kula sukutua kwa nguvu kwa maji ya chumvi, kisha piga mswaki mpaka ndani ya hilo shimo. Usilionee huruma, haliumi. Ncha inayokuchubua usiisugue kwa tupa ya kucha. Daktari yeyote wa meno ataisawazisha kwa dakika chache, hata kama siku hiyo huna hela ya kitu kingine. Ikishaondolewa, kidonda cha ulimi kinatakiwa kupona. Kikipita wiki 2 au 3 bado kipo, rudi kionwe.

Sasa mume wako. Hoja yake naisikia kila wiki, na wala hasemi ovyo: haliumi, basi halina tatizo. Ila jino lako haliumi kwa sababu kile kinachouma kilitolewa mwaka jana. Mshipa haupo. Linaweza kuoza likaingia chini ya ufizi, usaha ukajikusanya kwenye ncha ya mzizi ukala mfupa taratibu, na wewe ukaendelea kufundisha bila habari mpaka asubuhi utakapoamka shavu limevimba. Jino lenye mshipa hupiga kelele mapema. La kwako haliwezi tena, kwa hiyo ukimya wake usiutegemee.

Na hilo “limekufa” nalo lisiwachanganye. Ndani hamna mshipa, lakini mizizi bado imeshikwa na mfupa na nyuzi hai zinazoizunguka. Linatafuna sawa na jirani zake. Wapo watu wanaoishi na jino la namna hii miaka 20.

Limevunjika kwa nini basi? Utasikia watu wakisema jino lililosafishwa mzizi hukauka. Hilo ni sababu ndogo. Sababu kubwa ni kwamba halikubaki na kitu. Kwanza kuoza kulikula katikati, kisha daktari akatoboa juu ili aifikie mizizi, na kilichobaki ni kuta nne nyembamba ndefu zenye kizibo kikubwa kati yake. Gego la kwanza ndilo linalobeba mzigo mkubwa wa kutafuna. Ukiuma kitu kigumu kizibo kinasukuma kuta kwenda nje, leo kidogo, kesho kidogo, mpaka inafika siku ya kashata. Kizibo hujaza shimo tu, hakizishiki kuta. Kofia inazizunguka kwa nje na kuzifunika kwa juu, nguvu ya kutafuna ikashuka kwenye mizizi bila kuzitanua. Ndiyo maana magego yaliyosafishwa mzizi kwa kawaida huvalishwa kofia, ilhali jino la mbele lililosafishwa mzizi likiwa bado lina mwili wa kutosha mara nyingi huzibwa tu na kuachwa.

Kwa hiyo daktari wako alikwambia kweli. Lakini alikuwa akizungumzia jino la mwaka jana, na la leo limepungua ukuta mmoja. Mtu yeyote atakayekuahidi kofia leo bila kupiga picha ya eksirei wala kutoa kizibo kilichobaki akaangalia chini yake, ahadi yake usiibebe. Jambo la kwanza la kulipia ni uchunguzi, na kuna mambo matatu ya kuangaliwa.

Moja, ufa umeishia wapi. Kama ukuta ulikatika juu ya ufizi au chini yake kidogo, tunaweza kuzungumza. Kama jino limepasuka wima ufa ukashuka mpaka mzizini, mazungumzo yamekwisha; hakuna kofia wala gundi inayounganisha mzizi uliopasuka. Ufa wa aina hiyo wakati mwingine hauonekani hata kwenye picha. Daktari huupata anapofungua jino na kupima kwa kijiti chembamba pembeni ya mzizi, na mahali pamoja tu kijiti kinazama ghafla.

Pili, kimo cha jino zima lililobaki juu ya ufizi. Hapa ndipo kofia nyingi zinapofia, na mgonjwa huwa haambiwi. Kofia haishikiliwi na gundi peke yake. Ukingo wake lazima ukumbatie jino halisi, gumu, lisilooza, la karibu milimita 2 juu ya ufizi, kuzunguka pande zote au karibu zote, vile ile pete ya chuma inavyoshika mpini wa kisu usipasuke. Kofia ikikaa juu ya kizibo kitupu itang'oka na kizibo chake, au itaondoka na kichwa cha jino chote. Upande wa ulimi, ulikovunjika, ndiko kwa kupimwa. Pakikosekana kidogo, ufizi na mfupa vinaweza kushushwa kwa upasuaji mdogo ili jino lionekane. Pakikosekana sana, daktari mwaminifu atakwambia usitumie hela yako hapo.

Tatu, kazi ya mizizini. Kile kizibo cha juu ndicho kilichokuwa kinazuia mate yasifike kwenye dawa iliyojazwa ndani ya mizizi. Kimevunjika miezi miwili sasa, na mate yana bakteria. Inawezekana kabisa ukaambiwa mizizi isafishwe upya kabla ya kofia. Usimwone mtu huyo mwizi. Kuvalisha kofia nzuri juu ya mzizi mchafu ni kufungia usaha ndani, na siku ukilipuka itabidi kofia yako ya gharama itobolewe katikati.

Ukiuliza maswali hayo matatu na majibu yakawa mazuri, valisha. Majibu mabaya, ngʼoa kwa amani. Mkweo hakudanganya, ugali unalika. Kuna utafiti uliofanyika hapa hapa Tanzania na kuchapishwa mwaka 2003, ukawapima watu waliopoteza magego ya nyuma, na ukaonyesha kwamba mtu mwenye meno yote ya mbele na ya kati, pamoja na angalau jozi moja ya magego yanayokutana, anatafuna vya kutosha. Kwa hiyo usikubali kutishwa kwamba pengo moja ni ulemavu. Ila pengo nalo lina tabia zake: gego la nyuma yake huanza kulalia mbele, la juu linaloliangalia huanza kushuka kulitafuta, na baada ya miaka kadhaa ukitaka kuweka jino hapo nafasi haipo tena. Na ukitaka kulijaza pengo, jino la kupandikiza kwenye mfupa kwa kawaida ni ghali kuliko kofia, na daraja, yaani jino la bandia linaloshikwa na meno ya pembeni, linadai meno mawili ya jirani yachongwe ili yalibebe. Ndiyo hesabu ya kumwekea mume wako mezani: kungʼoa ni rahisi siku ile, kinachopandisha bei ni kurudisha.

Kwa wifi nitasema kwa upole, kwa kuwa meno ameshayaweka na anayapenda. Istanbul kuna madaktari wazuri, sina ugomvi na mji. Ugomvi wangu ni meno 20. Ili kofia ikae, jino linachongwa kuzunguka pande zote, milimita moja au zaidi, na juu hata milimita 2. Hiyo ndiyo ile sehemu nyeupe ngumu ya nje, na kwingine imezidi mpaka inaingia ndani yake. Ikishachongwa haioti tena. Kwa gego lako lililovunjika hasara hiyo ina maana, kwa sababu tunakata kidogo ili kuokoa kilichobaki. Kwa jino zima la mtu wa miaka 30 na kitu, lisilo na kosa ila rangi, tunaharibu kizuri. Baadhi ya meno yaliyochongwa hivyo mshipa wake hufa baadaye, miezi au miaka ikipita, na mwenye nayo anaanza safari ya kusafisha mzizi chini ya kofia mpya. Na kwa kuwa kofia hazidumu milele, atazibadilisha mara mbili au tatu maishani, kila mara jino la chini likizidi kupungua. Mwambie tu asikose kwenda kukaguliwa, hasa fizi zake, na kama zinatoka damu asisubiri. Hilo la kwamba ukivalisha moja utavalisha yote halina ukweli wowote. Kofia moja ni kofia moja.

Na fundi? Hapo upole unaniisha.

Fundi anaposema hachongi, anasema kweli, na ndiyo kasoro yenyewe. Kama hachongi, kofia yake itakaa wapi? Anachanganya unga na maji yake yenye harufu kali, vitu vya jamii ile ile ya kucha za bandia saluni, anabandika juu ya jino jinsi lilivyo, pamoja na uozo wake, na mara nyingi juu ya ufizi na meno ya jirani kwa pamoja. Siku ya kwanza kunapendeza. Uzi wa kusafishia meno hauwezi kupita tena katikati, mswaki haufiki, chakula kinaoza chini yake. Nimewaondolea watu wengi kazi za namna hii. Ukikata, harufu inatangulia, halafu unakuta ufizi umekuwa mwekundu na laini, unatoa damu kwa kuguswa tu, na jino lililokuja likiwa na tundu dogo limebaki kisiki. Ile “dhahabu” nayo kwa kawaida ni ganda la bati la rangi. Wazee wa pwani waliotia jino la dhahabu kwa pambo walijua wanachonunua. Huyu anakuuzia mngʼao. Mbali na hapo, vifaa vya kwenye mkoba vinachemshwa wapi kati ya nyumba moja na nyingine? Homa ya ini inaambukiza kwa damu. Daktari wa meno Tanzania Bara anasajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Una haki ya kuuliza, na aliyesajiliwa hatakasirika. Jirani yako mwambie aende akaangaliwe, hata kama hana maumivu.

Tuje kwenye woga wako wa kuchongwa. Jino lenyewe halitasikia chochote. Utachomwa ganzi kidogo kwa ajili ya ufizi, kwa sababu daktari ataingiza uzi mwembamba kati ya ufizi na jino ili ukingo uonekane vizuri. Kabla ya hapo atatoa kizibo cha zamani na uozo wote, kisha ajenge kiini kipya katikati. Jino likiwa limepungua sana, kiini hicho kinaweza kushikwa na kijiti cha nyuzi kinachogundishwa ndani ya mzizi mmoja. Halafu ndipo anachonga. Mashine inapiga kelele na kumwaga maji mengi, na ukijitazama kwenye kioo baadaye utashtuka: gego limekuwa kijiguzo kidogo. Ndivyo linavyotakiwa kuwa. Atachukua alama kwa rojo zito kwenye kibakuli cha kuuma, unatulia dakika kadhaa ukipumua kwa pua, au kwa kamera ndogo kama kliniki inayo. Utaondoka na kofia ya muda. Hiyo usiipe kashata, wala chingamu, wala mfupa wa kuku. Tafunia upande wa pili. Ikitoka rudi, usingoje tarehe, kwa sababu meno ya jirani yanaweza kusogea na kofia uliyolipia ikakataa kuingia.

Kofia yenyewe inatengenezwa maabara, kwa kawaida wiki moja au mbili, na kliniki chache zenye mashine ya kuchonga hapo hapo humaliza siku moja. Siku ya kuvaa ndiyo siku ya kuwa mkorofi. Itawekwa kwanza bila gundi. Omba kioo. Angalia rangi karibu na dirisha, siyo chini ya taa. Uzi wa meno upite pande zote mbili kwa kubana kidogo. Ukipita bure, nyama itakuwa inakwama hapo kila siku. Kisha utapewa karatasi ya bluu uume, “ngʼata, ngʼata, saga.” Sisi tuna heshima mbaya: daktari akiuliza “iko sawa?” tunajibu “iko sawa” huku tunahisi jino limetangulia kugusa kabla ya mengine. Sema imepanda. Apunguze, ujaribu tena, apunguze tena. Na kama midomo bado ina ganzi huwezi kujua vizuri, kwa hiyo ukifika nyumbani ukaona unaigonga hiyo kwanza kila unapofunga mdomo, rudi kesho yake. Kofia iliyopanda husumbua taya na kulichosha jino la juu.

Uliuliza kuhusu chuma. Si lazima, lakini nisikilize kabla hujaikataa. Kofia ya chuma tupu inadai jino lichongwe kidogo kuliko zote, haimeguki, na kwa gego la nyuma kabisa ambalo haliangaliwi na mtu, mimi mwenyewe ningeichagua. Ya kwako ni gego la kwanza, linaonekana ukicheka, na wewe unasimama mbele ya darasa, naelewa. Iliyozoeleka ni ya chuma ndani na kauri nje. Inapendeza, na imetumika miaka mingi, ila kauri inaweza kumeguka kipande na baada ya miaka ukingo wa ufizi huweza kuonyesha mstari wa kijivu. Siku hizi kuna zirkonia, aina ya kauri nyeupe mpaka ndani na ngumu sana, na kwa gego ni chaguo zuri kama bei inakuruhusu. Zile za plastiki ni za muda tu, hata ukiambiwa vinginevyo. Na kama hereni za bei rahisi hukuwasha masikio mpaka yakatoa maji, mwambie daktari. Huenda mwili wako haupatani na nikeli, ambayo imo kwenye aina nyingi za chuma cha kofia.

Hela. Ukiuliza bei usiulize “kofia shilingi ngapi.” Uliza hiyo bei imejumuisha nini: picha, kusafisha mzizi upya kukihitajika, kiini na kijiti, kofia ya muda, marudio. Kliniki mbili zinaweza kutaja bei zinazopishana sana, na ukijumlisha kila kitu ukakuta ile “rahisi” ndiyo ghali. Uliza ikingʼoka au kumeguka ndani ya mwaka nani analipa, na waandike. Uliza kama unaweza kulipa kwa awamu, maana kazi yenyewe inakwenda kwa awamu. Bima yako iulize kwa maandishi. Nyingi zinalipa kungʼoa na kuziba, lakini kofia zinaiweka fungu moja na urembo. Kliniki ya meno ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili (MUHAS), Upanga, Dar es Salaam, ni mahali pengine pa kuuliza. Wanafunzi wanafanya kazi chini ya macho ya walimu wao, huwa wanachukua muda mrefu zaidi, na gharama mara nyingi ni nafuu. Nauli na siku za ruhusa toka Tanga zihesabu kabla hujafunga safari.

Na kama hela yote haipo mwezi huu, usirudi kukaa na shimo. Mwombe daktari, baada ya uchunguzi, apunguze kimo cha kuta zilizobaki na kuzifunika kwa kizibo kigumu mpaka juu. Si kofia, lakini kinaziba mate yasipenye na kinazuia ukuta wa pili usifuate wa kwanza wakati unajikusanya. Lililo baya ni kungoja likiwa wazi.

Kuhusu miaka: kofia iliyokaa vizuri kwenye jino la kutosha hudumu miaka 10 hadi 15, na nyingi hupita hapo. Kinachoziua kwa kawaida ni uozo unaoingia pale ukingo unapokutana na jino, kwenye mstari wa ufizi. Kofia haiozi, jino chini yake linaoza. Pale pa ukingo ndipo mswaki wako ulale kila usiku kabla ya kulala, kwa dawa yenye floridi, na uzi upite kila siku. Kama mume wako anakusikia ukisaga meno usingizini, mwambie daktari. Atakutengenezea kinga ya kuvaa usiku.

Sasa mtoto. Hapana, hawatafuti hela. Gego la utoto halingʼoki mapema unavyodhani. Linakaa mpaka miaka 9 hadi 12. Likitoka sasa, meno ya nyuma yatasogea mbele na kuchukua nafasi ya jino la ukubwani linalosubiri chini yake. Kofia ya mtoto ni kitu kingine kabisa na hii yako: inakuja tayari kiwandani kwa saizi, inachaguliwa inayotosha, na kuna njia iliyoanzia Uskoti ya kuisukuma juu ya jino na gundi yake bila sindano na bila kuchonga. Siku kadhaa kabla anaweza kuwekewa vipete vya mpira kati ya meno ili kupata nafasi. Uozo ukifungiwa humo ukakosa chakula, husimama. Atalalamika kwamba meno hayakutani sawa. Yanajirekebisha ndani ya wiki chache. Kofia itaondoka siku jino litakapoondoka. Haifai ikiwa mtoto ameshaanza kuamka usiku kwa maumivu au ana kipele cha usaha kwenye ufizi. Hapo mshipa umeshaguswa na tiba ni nyingine.

Ukimpeleka, omba waangalie nyuma kabisa ya magego yake ya utoto. Kwa miaka 6 gego la kwanza la ukubwani linachomoza hapo kimya kimya bila jino lolote kungʼoka, na wazazi wengi wanadhani bado ni la utoto. Lina mifereji mirefu juu inayoshika chakula, na inaweza kufunikwa kwa rangi maalumu ya kuziba kabla haijaoza. Ni kazi ya dakika chache, haina sindano, na inaweza kufanyika siku hiyo hiyo ya kofia ikiwa jino limetokeza vya kutosha kukaushwa.